Timu Iliyopoteza Mechi Moja

Kila mwaka FIFA hutoa tuzo ya bao bora duniani na kuiita Tuzo ya Puskás. Siku moja tukiwa kibandani kwetu, pale tunapolipa shilingi hamsini kuangalia mechi, wakaonyesha mabao yaliyoteuliwa. Nikauliza, "Kwani huyu Puskás ni nani?" Jamaa mmoja akasema ni kampuni ya viatu. Mwingine akasema ni mzee fulani wa FIFA, mmoja wa wale wa kula pesa. Wa tatu, ambaye hujua kila kitu kuhusu mpira mpaka mshahara wa kipa wa akiba wa Getafe, akanyamaza. Alivyonyamaza ndipo nikajua hakuna anayejua.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, kwa hivyo muda nilikuwa nao tele. Kilichokosekana ni bando. Lakini nilinunua, nikakaa usiku tatu nikitazama picha nyeusi na nyeupe za wanaume wa suruali fupi pana, na tangu hapo nimekuwa msee wa kusumbua watu na habari za Hungaria.

Kilichonishika mwanzo ni hesabu. Kuanzia Juni 1950 hadi Februari 1956 timu ya taifa ya Hungaria ilishinda mechi 42, ikatoka sare 7, ikapoteza moja. Moja. Na hiyo moja ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia.

Kwao waliitwa Aranycsapat, Timu ya Dhahabu.

Puskás mwenyewe, Ferenc kwa jina la kwanza, alizaliwa 1927 na kukulia Kispest, mtaa wa watu wa viwandani pembezoni mwa Budapest. Baba yake alichezea klabu ya hapo, baadaye akaifundisha. Jirani yao alikuwa kijana anaitwa József Bozsik, mkubwa kidogo kwa Ferenc, na inasimuliwa kwamba hao wawili walikuwa wanaitana kwa kugonga ukuta: ukisikia ngo ngo, toka nje tukacheze. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara, ndugu wa ule wetu wa majuala na kamba ya katani. Klabu ilipotaka kumsajili Ferenc alikuwa hajafikisha umri, wakamwandikisha kwa jina la uongo, Miklós Kovács. Yaani hata huko, miaka hiyo, umri ulikuwa unachezewa. Sisi tusijione.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mguu wa kulia alikuwa nao wa kusimamia tu. Lakini wa kushoto! Bozsik alikuwa kinyume chake: mrefu kidogo, mpole, hana mbio, na anapiga pasi kama mtu anayeandika barua bila haraka. Watoto wawili wa mtaa mmoja wakawa moyo wa timu bora duniani, na hiyo sehemu ya hadithi ingeweza kutokea popote. Sehemu inayofuata isingeweza.

Mwaka wa 1949 wakomunisti walikuwa wameshashika nchi yote, chini ya Mátyás Rákosi na kivuli cha Stalin. Klabu zikagawanywa kama mashamba. Kispest ikakabidhiwa jeshi na kubadilishwa jina kuwa Honvéd, maana yake mlinzi wa nchi. MTK, klabu nyingine ya Budapest, ikaenda kwa polisi wa siri. Ferencváros, iliyokuwa na mashabiki wengi kuliko wote lakini serikali haikuiamini, ikanyang'anywa wachezaji. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila kijana lazima aende jeshi, na jeshi lina timu. Unachagua mwenyewe kati ya kucheza Honvéd na kulinda mpaka kwenye baridi. Sándor Kocsis na László Budai walitoka Ferencváros kwa njia hiyo. Zoltán Czibor naye akaishia huko huko. Karibu wote wa kikosi cha taifa walikuwa Honvéd au MTK. Aliyetoka nje ya klabu hizo katika kile kikosi cha kwanza ni beki wa kulia Jenő Buzánszky peke yake, wa Dorog, mji wa migodi.

Puskás akapewa cheo jeshini mpaka akawa meja. Hajawahi kupigana vita vyovyote. Waingereza baadaye wakampa jina la Meja Anayekimbia kama Farasi, jina la ajabu kwa mtu aliyependa kusimama.

Aliyepanga mambo alikuwa Gusztáv Sebes, kocha wa taifa na wakati huo huo naibu waziri wa michezo. Kijanani aliishi Paris, akafanya kazi katika kiwanda cha Renault na kujifunza siasa za vyama vya wafanyakazi. Aliamini kwa dhati kwamba vita kati ya ubepari na ujamaa vinapiganwa hata uwanjani. Unaweza kumcheka. Lakini mtu huyo alipata kitu ambacho kocha wa Harambee Stars hata leo angekilipia damu: wachezaji wanaoishi pamoja, wanaocheza pamoja kila wiki, na waziri asiyemwingilia kwa sababu karibu yeye ndiye waziri.

Wachezaji walikula vizuri nchi ikiwa na njaa. Wakisafiri nje walirudi na saa, nyembe na soksi za nailoni za kuuza, na watu wa forodha wakaangalia pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa bonasi. Mipaka ya huo urafiki kila mchezaji aliijua, kwa sababu ya Sándor Szűcs.

Szűcs alikuwa beki wa Újpest, alishachezea taifa pamoja na Puskás. Alipenda mwimbaji, Erzsi Kovács. Mwaka wa 1951 wakajaribu kutoroka nchi pamoja. Wakakamatwa. Wenzake walijaribu kumwombea, ikashindikana. Alinyongwa tarehe 4 Juni 1951, akiwa na miaka 29. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado huwa najikuta nahesabu miaka yangu na yake.

Kwa hivyo ukiwaona kwenye zile video wakicheza kwa raha, wakipigiana pasi za kisigino na kucheka, kumbuka kwamba mwenzao alinyongwa kwa kutaka kuondoka. Kipa wao, Gyula Grosics, naye alishajaribu kutoroka 1949 akafungiwa nyumbani na kupigwa marufuku kwa muda. Yeye walimsamehe. Makipa wa aina yake hawakuwa wengi.

Sasa mpira wenyewe.

Enzi hizo karibu kila timu ilicheza mfumo mmoja, na nambari ya mgongoni ilikuwa kama anwani ya nyumba. Nambari 9 ni mshambulizi wa kati, anasimama mbele kabisa. Nambari 5 ni beki wa kati, kazi yake kumkaba 9. Basi. Kocha wa MTK, Márton Bukovi, akajiuliza: na 9 asipokuwa nyumbani je? Akamrudisha nyuma mshambulizi wake, acheze karibu na viungo. Nándor Hidegkuti ndiye aliyeikamilisha kazi hiyo, na Sebes akaipeleka timu ya taifa. Beki wa kati wa adui anabaki na maswali mawili mabaya. Nikimfuata Hidegkuti, nyuma yangu panabaki shimo, na Kocsis na Puskás wanaingia humo. Nikibaki, Hidegkuti yuko peke yake na mpira, anachagua anavyotaka. Upande wa pili, kiungo József Zakariás alikuwa anashuka kukaa karibu na mabeki, ili wote hao wengine wawe na ruhusa ya kuzurura.

Kama ulimwona Messi wa Guardiola akicheza namba tisa ya bandia, ulikuwa unaona wazo lenye nywele nyeupe.

Helsinki 1952 walichukua dhahabu ya Olimpiki. Uswidi wakachapwa 6-0 kwenye nusu fainali, Yugoslavia 2-0 kwenye fainali, ingawa Puskás alipoteza penalti. Hapo hapo Stanley Rous, katibu wa chama cha soka cha Uingereza, akawaalika Wembley. Sebes akakubali, akarudi nyumbani, na wakubwa wake wakamtazama kama mtu aliyekopa pesa bila kuuliza mkewe. Kwa sababu Uingereza haikuwahi kufungwa nyumbani na timu kutoka bara la Ulaya. Wao ndio walioandika sheria za mchezo. Ukienda huko ukapigwa tano, propaganda yako yote inabaki karatasi.

Sebes akajiandaa kama mtu wa mitihani. Alitafuta mipira ya Kiingereza, iliyokuwa mizito kuliko yao, wakafanyia mazoezi. Akapima uwanja wa Wembley na kutafuta wa ukubwa ule ule nyumbani. Njiani wakapitia Paris, wakacheza na timu ya wafanyakazi wa kile kiwanda chake cha zamani, wakawamiminia mabao bila huruma.

Tarehe 25 Novemba 1953. Watu 105,000. Wahungaria wakatoka mapema kupasha misuli uwanjani, kitu ambacho Waingereza walikiona kama maigizo. Inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja wa Uingereza alimwangalia Puskás akachekelea: tazama kale kanene kafupi, hawa tutawamaliza. Viatu vyao vyenyewe vilikuwa vyepesi, vimekatwa chini ya kifundo, havikufanana na mabuti ya wenyeji.

Dakika ya kwanza haijaisha, Hidegkuti akapokea mpira nje ya boksi, akadanganya kidogo kwa mwili, akapiga juu. Gil Merrick langoni aliruka kwa adabu tu. Uingereza wakasawazisha kupitia Sewell, halafu kabla ya nusu saa kuisha ubao ukasomeka 4-1.

Lile bao la tatu ndilo sababu ya tuzo, mimi nadhani, hata kama FIFA hawajasema hivyo. Czibor, winga wa kushoto, yuko kulia, kwa nini, sijui, kwa sababu anataka. Anampa Puskás karibu na kona ya boksi dogo. Billy Wright, nahodha wa Uingereza, anakuja kwa kuteleza, mzima mzima, kuondoa mpira na mtu na majani. Puskás anaweka soli ya mguu wa kushoto juu ya mpira na kuuvuta nyuma. Wright anapita. Anaendelea kupita. Bado anapita. Puskás anapiga juu karibu na mwamba. Nimeirudia hiyo sekunde mara zisizohesabika na kila mara namwonea huruma Wright, aliyekuwa mchezaji mzuri na mtu wa heshima, na sasa anakumbukwa kwa kuteleza.

Ikaisha 6-3. Hidegkuti matatu, Puskás mawili, Bozsik moja. Harry Johnston, beki wa kati, alitumia alasiri nzima akitafuta nambari 9 wa kumkaba. Beki wa kulia aliyefunga penalti ya Uingereza hakuichezea tena nchi yake baada ya siku hiyo. Aliitwa Alf Ramsey, na mwaka wa 1966 alirudi Wembley kama kocha akabeba Kombe la Dunia.

Hungaria nzima ilikuwa redioni. Sauti ilikuwa ya György Szepesi, mtangazaji ambaye watu walimwita mchezaji wa kumi na mbili.

Huku kwetu, mwezi huo huo, Mwingereza alikuwa ameweka hali ya hatari mwaka mmoja tayari, na Kenyatta alikuwa amefungwa Lokitaung. Wahungaria hawakuwa wanatufikiria, na ni wachache sana hapa waliokuwa na habari ya Wembley. Sitaki kulazimisha. Nasema tu kwamba nikiangalia hiyo mechi kama Mkenya, kuna raha fulani isiyo ya mpira pekee.

Kwenye majukwaa siku hiyo alikaa mzee Mwingereza, Jimmy Hogan, amekuja na vijana wa Aston Villa aliokuwa akiwafundisha. Huyu mzee ananiuma kuliko wote. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Vienna akiwa kocha. Kwa vile alikuwa raia wa adui, akazuiliwa. Baadaye akafika Budapest, MTK wakampa kazi, na miaka ya vita akawafundisha vijana wa Hungaria kutuliza mpira, kuutoa chini, kufikiria kabla haujafika. Vita vilipoisha akarudi London, hana kitu, akaenda chama cha soka kuomba msaada uliokuwa ukitolewa kwa makocha walioathirika. Inasimuliwa kwamba katibu alimpa jozi za soksi. Soksi! Kwa sababu, walimwonyesha, wenzake walikuwa mitaroni vitani na yeye alikuwa kwa adui akifundisha mpira. Miaka thelathini na kitu baadaye akakaa Wembley kutazama deni hilo likilipwa sita. Wakubwa wa soka la Hungaria walimtaja kwa jina baada ya mechi kwamba ndiye mwalimu wao. Kwao Uingereza wapo waliomwita msaliti.

Uingereza wakaomba marudiano. Mei 23, 1954, Népstadion, Budapest: 7-1. Mpaka leo hawajawahi kufungwa vibaya kuliko hapo.

Basi unafika Kombe la Dunia, Uswisi, Juni 1954, na unajua mwisho wake, lakini ungekuwa mtu wa mkeka ungeweka kodi ya nyumba. Korea Kusini, nchi iliyotoka vitani juzi tu: 9-0. Ujerumani Magharibi: 8-3. Kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alikuwa amewapumzisha wengi wa kikosi chake makusudi, maana alijua atapata nafasi nyingine kwa Uturuki. Katika mechi hiyo beki Werner Liebrich akamkata Puskás kifundo cha mguu. Iweke hiyo pembeni, tutairudia.

Robo fainali na Brazili ilikuwa vita. Watu watatu walitolewa, akiwemo Bozsik, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge. Mheshimiwa ametolewa kwa kupigana. Ikaisha 4-2 na ngumi zikahamia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Nusu fainali wakakutana na Uruguay, mabingwa watetezi, ambao hawakuwahi kupoteza mechi yoyote ya Kombe la Dunia. Mvua, 2-2, muda wa ziada. Kocsis, aliyeitwa Kichwa cha Dhahabu, akaruka mara mbili. 4-2. Wapo wanaosema ndiyo mechi bora kuliko zote za zama hizo, na Puskás hakuwemo hata.

Fainali ilikuwa tarehe 4 Julai, Bern, uwanja wa Wankdorf. Ujerumani tena.

Usiku wa kuamkia siku hiyo bendi za matarumbeta za Uswisi zilikuwa na tamasha lao mjini Solothurn, karibu na hoteli ya Wahungaria, na wachezaji hawakulala vizuri. Puskás alisema kifundo kiko sawa. Hakikuwa sawa sana. Sebes akampanga, na akambadilisha upande Czibor, akamweka nje Budai. Mvua ikanyesha mfululizo. Wajerumani waliiita hali ya hewa ya Fritz Walter, kwa sababu nahodha wao alipata malaria vitani na jua kali lilimmaliza. Walter mwenyewe alikuwa na deni na Wahungaria: mwisho wa vita alikuwa mfungwa, karibu apelekwe Usovieti, na kwa simulizi yake aliokolewa na mlinzi Mhungaria aliyemkumbuka kutoka mechi ya zamani ya Budapest. Mwenye kutunga hadithi angeambiwa amezidisha.

Na viatu. Adi Dassler, yule wa Adidas, alikuwa amewatengenezea Wajerumani viatu vyenye meno ya kufungua na kufunga kwa skrubu, wakaweka marefu kwa ajili ya tope. Kwa hivyo jamaa wa kibandani aliyesema ni kampuni ya viatu hakuwa mbali sana.

Dakika ya 6, Puskás, bao. Dakika ya 8, Czibor, la pili. Nina hakika kuna mtu Budapest aliyefungua chupa. Dakika ya 10 Morlock akarudisha moja. Dakika ya 18 Helmut Rahn, kona, 2-2. Halafu saa nzima na zaidi ya Hungaria wakigonga mlango: mwamba, kipa Toni Turek, mguu wa beki kwenye mstari, mwamba tena. Dakika ya 84 mpira ukaondolewa vibaya, ukamwangukia Rahn nje ya boksi, akaupeleka mguu wake wa kushoto, akapiga chini. 3-2.

Dakika mbili tatu kabla ya mwisho Puskás akaingia nyuma ya mabeki na kuuweka wavuni. Refa William Ling, Mwingereza, ni kama alikubali. Mshika kibendera Mervyn Griffiths wa Wales akawa ameinua. Ameotea. Zile picha zilizobaki nimezitazama mpaka macho yakauma na haziamui. Mimi naona hajaotea. Lakini mimi ni shabiki, na hakukuwa na VAR, na hata kama ingekuwepo, wewe unajua VAR.

Baadaye yakaja maneno mengine: wachezaji kadhaa wa Ujerumani waliugua manjano baada ya mashindano, na walikuwa wamedungwa sindano walizoambiwa ni za vitamini C. Puskás alisema waziwazi kwamba walitumia dawa. Ubishi huo haujaisha.

Hungaria walifunga mabao 27 katika mechi 5. Hakuna timu iliyofikisha hapo kwenye Kombe la Dunia moja, si kabla, si baadaye. Kocsis peke yake 11. Na walirudi nyumbani kama wezi.

Treni haikuwaleta moja kwa moja mjini. Ilisimamishwa Tata, nje kabisa, kwa usalama. Budapest watu walikuwa wametoka barabarani, wakivunja vioo, wakiitafuta nyumba ya Sebes. Serikali ilikuwa imewaambia watu miaka minne kwamba ushindi wa timu ni ushindi wa mfumo. Watu wakaelewa vizuri sana. Siku mfumo uliposhindwa walikuwa barabarani, na polisi hawakujua wafanye nini, kwa sababu huwezi kumfunga mtu kwa kulilia mpira. Wako wanahistoria wanaoona hapo ndipo raia wa Budapest walijifunza kwanza kusimama pamoja na kupiga kelele.

Grosics ndiye aliyelipa. Mwisho wa mwaka huo akashtakiwa ujasusi na uhaini, akahojiwa miezi na miezi, mwishowe ikakosekana kesi na akapelekwa kuchezea Tatabánya, mji wa makaa ya mawe. Kipa aliyefungwa mabao matatu.

Hii sehemu ndiyo naifikiria nikiwa kwenye matatu. Mama yangu hajawahi kuniuliza kuhusu yale masomo niliyofaulu, na yalikuwa mengi. Lakini tuendelee.

Tarehe 23 Oktoba 1956 Budapest ililipuka. Wanafunzi, wafanyakazi, halafu kila mtu. Novemba 4 vifaru vya Usovieti vikaingia kuzima mambo. Honvéd walikuwa na mechi ya Kombe la Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao, kwa hivyo walikuwa nje ya nchi. Magazeti ya nje yalikuwa yameshamuua Puskás, ati amefia kwenye mapigano. Alikuwa hai, akicheza Bilbao Novemba 22, akapoteza 3-2. Marudiano hayangeweza kuchezwa Budapest iliyokuwa na vifaru, yakachezwa Brussels Desemba 20. Kipa akaumia na wakati huo hakuna kubadilisha, Czibor mfupi akasimama langoni. 3-3. Timu bora ya klabu Ulaya ikatolewa na kubaki hotelini bila mahali pa kurudi.

Wakazunguka. Familia nyingi zikavuka mpaka kwa miguu kuwafuata. Wakimbizi kama 200,000 waliondoka Hungaria kipindi hicho. Mwanzo wa 1957 wakaenda Brazili kucheza mechi za pesa, FIFA na chama chao wakiwa wamekataza, na Béla Guttmann akiwa nao kama kocha. Walipotoka huko ikabidi kila mtu aamue. Usiku huo, popote ulipokuwa, hakuna aliyeandika, na mimi ningelipa kuusoma.

Puskás, Kocsis na Czibor wakabaki Magharibi. Bozsik akarudi. Grosics akarudi. Hidegkuti, wa MTK, hakuwa safarini hata. Nimekutana na watu mtandaoni wanaomwita Bozsik kibaraka na wengine wanaomwita Puskás msaliti, na wote wanaandika wakiwa kitandani. Mmoja alikuwa na mke na mtoto waliokwisha kuvuka. Mwingine alikuwa na watu wake kule nyumbani.

Puskás akafungiwa kucheza, akakaa bila kazi Austria na Italia, akanenepa. Mwaka wa 1958, akiwa na miaka 31 na kilo nyingi za ziada, Real Madrid wakamchukua. Manze, hapo ndipo wengi wangeishia. Mei 1960, Glasgow, fainali ya Kombe la Ulaya, Real 7, Eintracht Frankfurt 3. Puskás manne. Wajerumani walikuwa wamekataa kucheza naye kwa sababu ya yale maneno ya dawa, mpaka akaandika barua ya kuomba radhi. Akaandika, halafu akafunga manne.

Kocsis na Czibor wakaenda Barcelona. Mei 31, 1961 wakafika fainali ya Kombe la Ulaya na Benfica. Uwanja: Wankdorf, Bern. Kile kile. Inasimuliwa hawakutaka hata kuvaa kwenye chumba kile walichovalia 1954. Kocsis akafunga, Czibor akafunga, Barcelona wakagonga miamba, na Benfica, wenye Mário Coluna kutoka Msumbiji na José Águas kutoka Angola, wakashinda 3-2. Kocha wa Benfica alikuwa Béla Guttmann.

Hidegkuti alikuja Afrika. Alifundisha Al Ahly ya Cairo kuanzia 1973, akabeba ligi mara tano. Puskás naye alifika Misri, Port Said, akifundisha Al Masry. Ukimkuta mzee wa Misri wa umri unaofaa, muulize, atakuchelewesha.

Kocsis alifariki Barcelona 1979, mgonjwa, ameanguka kutoka dirisha la hospitali. Buzánszky, yule wa mji wa migodi, ndiye aliyewazika wote. Alifariki Januari 2015.

Puskás hakukanyaga Hungaria kwa miaka 25. Aliruhusiwa kurudi 1981, Juni, Uingereza wakiwa wamekuja Budapest kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Kabla ya mechi, wazee wakacheza kidogo pale Népstadion, yeye akiwemo, tumbo mbele, mguu wa kushoto ule ule, na uwanja ukasimama. Bozsik hakuwepo. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.